Mliniacha Nikafika kwa Muuza Ndoo

Kwa Meneja wa Wateja,
Kampuni ya Intaneti ya Mashati ya Bluu,
Jengo la vioo, karibu na posta.

Ndugu Meneja,

Salamu ni nyingi, nazo nazitanguliza mbele ya lawama, maana mtu hubisha hodi kwanza ndipo adai chake. Natumaini barua hii itakukuta umeshakunywa chai. Sisi huku hatujambo, ila hatuna intaneti.

Uniwie radhi kwa mwandiko. Shule niliiacha mapema, lakini mwalimu wangu alikuwa akisema mwandiko wangu una adabu kuliko mimi, kwa hiyo utanielewa.

Mimi ni mteja wenu, au nilikuwa mteja wenu, jibu la hilo nakuachia wewe. Naishi nyumba ile ya mlango wa kijani nyuma ya kinyozi, pamoja na mama mkwe wangu na mwanangu wa kiume ambaye bado hajatembea. Mtoto huyo tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu ana kitambi, hana nywele, na kila kitu analetewa hapo hapo alipokaa. Baba yake ni mchomeleaji wa vyuma. Yuko mbali, kwenye daraja linalojengwa, na hatarudi mpaka pande mbili za daraja zikutane katikati. Kwa hiyo kila jioni tulikuwa tunampigia simu ya video kwa intaneti yenu. Baba anamwangalia mwanawe, mwanawe anailamba simu, wote wanaridhika.

Kisanduku chenu cha intaneti mlikifunga wiki niliyojifungua. Mimi nilikuwa bado hospitali, hivyo mama mkwe ndiye aliyempokea fundi, akaandikisha jina lake na namba yake ya simu. Tangu siku hiyo mtoto akawa anaongezeka uzito na bili inaongezeka naye, mpaka nikajiuliza kama nanyonyesha wawili.

Basi hivi karibuni wakaingia mtaani washindani wenu, wale wa mashati ya rangi ya chungwa. Wakachimba, wakafukia, wakatundika nyaya, wakaanza kugonga milango. Bei yao ilikuwa chini ya yenu, tena chini kwelikweli. Mtaa ukachangamka. Jirani yangu Mama Pacha, ambaye tunatenganishwa na ukuta tu, akaniambia, "Shoga, usihame. Wewe waambie unahama. Mimi nimeshahama mara kibao na sijawahi kutoka hapa nilipo. Kila nikihama wananishushia."

Nikafurahi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi nauza nguo za watoto sokoni, na kwetu sokoni mteja akikataa bei hageuki bure. Anageuka ili aitwe. Akiondoka kwenye meza yangu mimi nanyamaza, najifanya nakunja fulana. Akifika kwa muuza viatu, nakohoa. Lakini hampiti muuza ndoo, pale kwenye kona, kabla sijamwita: "Mama, rudi basi, lete hiyo hiyo!" Naye anarudi amekunja uso, moyoni anacheka. Nami napokea huku nanung'unika, moyoni nacheka. Mtoto wa watu anavaa. Mteja akiachwa akampita muuza ndoo bila kuitwa, hapo si bei tena, ni matusi.

Tena aliyeondoka hawezi kurudi mwenyewe. Akirudi bila kuitwa atalipa bei ya juu, na soko zima litamcheka mpaka wakati wa kufunga. Naomba ulishike hili, Ndugu Meneja, maana barua yote imesimama juu yake.

Nikaazima simu ya mama mkwe, ile ndogo ya vitufe, maana namba yake ndiyo mnayoijua. Akapokea dada mmoja wa huduma kwa wateja, sauti yake laini kama anamwongelesha mgonjwa. Nikamwambia nahama. Nikanyamaza. Nikatembea sebuleni na viatu vya kisigino ili asikie kwamba naondoka kweli. Akasema, "Asante kwa kuwa nasi. Tunakutakia kila la heri huko uendako." Nikakohoa mwenyewe, kumkumbusha zamu yake. Nikasema, "Naondoka hivyo, dada." Akajibu, "Sawa mama, nimeshakuandikia."

Sikutaka kuhama, Ndugu Meneja. Nilitaka kuitwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hamkuniita. "Kila la heri huko uendako" huambiwa bibi harusi au mtu anayesafiri. Mimi nilikuwa naenda jikoni tu. Na hamkuishia hapo. Waya ulipokatika kipindi cha mvua, fundi wenu alichelewa mpaka Mheshimiwa akaota jino. Lakini kuja kung'oa kisanduku, alifika chai yangu haijapoa. Kumbe mbio mnazo! Akang'oa, akakunja waya, akatoa kitambaa mfukoni na kunifutia vumbi pale kisanduku kilipokuwa, mbele ya mama mkwe. Adabu ya namna hiyo inaumiza kuliko ufedhuli.

2. Mnampenda mgeni kuliko mwenyeji. Mwisho wa mtaa wetu mmebandika tangazo kubwa: "Mteja mpya, lipa nusu!" Na sisi wa zamani? Sisi tuliokaa gizani na nyinyi mitambo yenu ilipolala, tukasema tuwavumilie ni vijana, watajifunza? Kwangu mimi mteja wa zamani ndiye hupewa nyongeza, hata kama ni soksi moja iliyopotelewa na mwenzake. Nilijaribu kuwa mpya. Siku ile ile ya simu, kabla sijasema nahama, nilimwomba dada yenu amwandikishe Mheshimiwa badala ya mama mkwe. Nikamweleza kwamba katika nyumba hii hakuna mtu mpya kumshinda, hata jino lake lina alama ya kiwandani. Akaniuliza ana kitambulisho? Nikamwambia ana doa la kuzaliwa mgongoni. Akasema halitoshi. Basi nielezeni, upya wenu unapimwaje?

3. Mmenifanya nionekane mjane. Muuzaji wa wale wa mashati ya chungwa, ambao mtaani tunawaita Machungwa, alipoona kisanduku kimeondoka alihamia barazani kwangu. Analeta vipeperushi, analeta puto, jana kaleta kalenda. Ni kijana mwenye heshima, sikatai, na bei yake ni tamu. Ila nilipomuuliza bei hiyo ni ya milele au ni ya uchumba tu, akatazama dari. Nami najua biashara. Bei ambayo mwenyewe anaitafuta darini itashuka kutoka huko imeota mapembe.

4. Mmenitupa kwa matapeli. Hili nalisema kwa uchungu. Tangu siku ile niliyowapigia, matapeli wamemwandama mama mkwe wangu kwenye simu yake. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha: mama, mtu usiyemjua akikupigia akasema umepunguziwa, umezawadiwa, umebahatika, kata simu. Amenielewa kupita kiasi. Hakati hivi hivi, anawapa maneno yao kwanza, wala hawamalizi kutaja wanatoka wapi. Kila siku namsikia uani: "Unanishushia? Kamshushie bibi yako!" Mama mkwe anasema anayepiga ni msichana, na anabembeleza mpaka anakaribia kulia: "Mama yangu, nisikilize kidogo tu, tafadhali mama." Juzi nikiwa sokoni mmoja wao alithubutu kuja mpaka mlangoni, amevaa shati la bluu ili kuwachafulia jina nyinyi, na kisanduku kwapani, bila shaka cha wizi. Mama mkwe alimsindikiza kwa ufagio mpaka kwa kinyozi, na watu waliokuwa wananyolewa wakatoka nusu nusu kumshangilia.

Sasa nakuuliza bila kukuvunjia heshima. Ikiwa mwizi anajua kubembeleza, akifukuzwa anarudi, akitukanwa anasema "mama yangu", na mwisho anakuja kwa miguu yake mpaka mlangoni, nyinyi wenye ofisi na kiyoyozi mnashindwa nini? Waajirini hao.

5. Mtoto wangu amekaa kwenye beseni kwa sababu yenu. Usishangae, nitakueleza. Kisanduku chenu kilikuwa juu ya kabati fupi, na Mheshimiwa alianza kusimama kwa ajili ya zile taa zake za kijani. Anashika kiti, anajivuta, anasimama ananyoosha kidole kama anahutubia. Baba yake akiona hivyo jioni anapiga kelele kutoka huko darajani, "Mwambie asitembee mpaka nione! Mke wangu, usimruhusu!" Nami nikamwahidi. Wakati ule ahadi ilikuwa nyepesi, maana mlikuwepo.

Sasa hampo, na miguu ya mtoto imekomaa. Nimejaribu vifurushi vya simu. Vinaisha baba mtu bado anamalizia salamu, na mara ya mwisho picha iliganda akiwa amefumba macho na mdomo wazi, nikakosa raha siku nzima. Ndipo nikaleta beseni. Ni lile kubwa la kufulia, nimelitandikia kanga, nimemwekea vijiko na puto la Machungwa. Akisimama, namkalisha. Akisimama tena, namwimbia mpaka asahau. Sokoni naliweka chini ya meza. Mteja mmoja aliuliza bei ya mtoto kwa utani. Nilipomwambia huyo hauzwi, akageuka na kuondoka polepole, anasubiri nimwite.

Mama mkwe ananisuta. Anasema, "Miguu ya mtoto haingoji mtandao. Mwache atembee, baba yake atahadithiwa." Najua anasema kweli. Lakini mume wangu amehadithiwa mengi mno, Ndugu Meneja. Jino la kwanza alihadithiwa. Hata kuzaliwa kwenyewe alihadithiwa, akiwa juu ya chuma na barakoa usoni. Hili moja nataka alione.

6. Mnahatarisha daraja. Hapa naomba uketi vizuri. Mume wangu hakuwa akimwangalia Mheshimiwa peke yake. Wachomeleaji wenzake walikuwa wanakusanyika na sahani zao nyuma ya bega lake, na mpishi wa kambi naye na mwiko wake, wanabishana mtoto ataanza na mguu gani. Sasa wamekatiwa katikati ya kisa. Mume wangu anasema watu hawana utulivu, kila mmoja anachomelea huku anawaza. Mtu akichomelea huku anawaza, chuma kinapinda. Chuma kikipinda huku, na upande wa pili ukija umenyooka, daraja litapishana lenyewe hewani. Magari yatasimama, mizigo itaoza, bei za vitu zitapanda, na wewe mwenyewe utakwenda dukani utakuta sukari haishikiki. Utajiuliza imeanzia wapi. Imeanzia kwa "kila la heri huko uendako". Msije mkasema hamkuambiwa.

Kwa hiyo naomba mambo machache tu. Mniite. Si kwa barua iliyopigwa muhuri, ni kwa sauti, tena maneno yenyewe ni mepesi: "Mama, rudi basi, lete hiyo hiyo." Hiyo hiyo maana yake ni bei ya Machungwa, ila yenu isitazame dari. Tangazo lenu la mwisho wa mtaa mliongezee mstari kwa ajili yetu wa zamani, hata ukiwa mdogo tutausoma, tumezoea kuinama. Na kama huko ofisini hakuna anayejua kuita mteja, njoo mwenyewe Jumamosi yoyote kwenye meza yangu. Nitakufundisha bure. Utasimama kwa muuza viatu, utajifunza kukohoa, mpaka saa ya kufunga utakuwa mtu.

Ikiwa yote haya yatawashinda, basi naomba uandike wewe, kwa mkono wako, umweleze mume wangu ni kwa nini mwanawe ametembea na yeye hakuona. Mimi kalamu yangu haifiki huko.

Msalimie dada wa simu, mwambie sina kinyongo, ila viatu vile vya kisigino vinanibana na nilivivaa kwa ajili yake. Msalimie fundi, amesahau kitambaa chake cha vumbi, nimemfulia. Wasalimie mlinzi wa getini, anayepika chai yenu, na wote wanaopanda lifti hiyo bila kujua habari zetu. Wasalimie watoto wako. Na kama yupo anayekaribia kutembea, omba ruhusa ukae nyumbani.

Ni mimi niliyeondoka lakini sijafika mbali,

Mama Mheshimiwa,
Mlango wa kijani, nyuma ya kinyozi.

Baada ya sahihi:

Nilimsomea mama mkwe barua hii kabla ya kuitia kwenye bahasha. Lalamiko la kwanza alitikisa kichwa, la pili akacheka. Tulipofika kwa matapeli akaacha kuchambua maharage, akaniuliza taratibu, "Hivi hao Bluu wako... wana msichana mwenye sauti laini?"

Basi yamefunuka yote, Ndugu Meneja. Kumbe mliniita. Mliniita siku ile ile, hata kwa muuza viatu sijafika. Tumempigia yule dada, na aliposikia ni mimi wala si mama mkwe, alishusha pumzi kama aliyetuliwa gunia kichwani. Anasema bei mlishanishushia zamani, imelingana na ya Machungwa na haitapanda, kilichokuwa kinasubiriwa ni mwenye jina kusema "ndiyo" tu. Na mwenye jina alisema mengi, ila hilo hakulisema. Mama mkwe amemwomba radhi. Amemwambia pia amsalimie bibi yake, kwa sababu amemtaja sana.

Mtu wenu wa kisanduku alirudi jana. Alisimama kwa kinyozi mpaka akaonyeshwa ufagio umefungiwa ndani. Akafunga waya, akasema, "Mama, jaribu kumpigia mtu." Nikampigia baba Mheshimiwa. Akapokea akiwa kazini, barakoa kaipandisha kwenye paji la uso, anataka kuniuliza kuna nini mchana huu. Wakati huo huo mtu wenu akasogea pembeni, taa za kijani zikaonekana.

Mheshimiwa akaziona kutoka kwenye beseni. Akashika ukingo, akavusha mguu, akavusha na wa pili, akaachia mikono. Mimi nimeshika simu, siwezi kumkalisha. Akanipita. Kwa mazoea nikanyamaza. Alipofika kwenye kiti, nikakohoa. Alipolikaribia kabati nikashindwa, nikamwita, "Rudi basi, baba!" Hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya taa zenu, ndipo akageuka, akamtazama baba yake kwenye simu, akacheka na jino lake. Mume wangu akaishusha barakoa usoni. Nilisikia tu watu wa darajani wakigonga vyuma, wote, na mpishi na sufuria lake.

Kwa hiyo malalamiko yote nayafuta, ila lile la mteja wa zamani, hilo libaki. Beseni limerudi kufua. Barua naituma hata hivyo, kwa sababu mwandiko umekaa vizuri na bahasha nimeshanunua. Sentensi inayofuata naomba uipite bila kuisoma: kwa nilichokiona jana ningewalipa ile bei ya zamani, na juu yake ningeongeza.

Lakini mkipandisha, naondoka tena. Safari hii nitatembea polepole, na simu nitaishika mwenyewe.